Riba ya Benki Kuu imeshuka, mbona ya mkopo wangu iko palepale?

Kila baada ya miezi mitatu Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania hukutana, kisha Gavana Emmanuel Tutuba hutangaza namba moja. Januari 2024 namba hiyo ilikuwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, ikakaa hapo zaidi ya mwaka, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Kila ikitangazwa maswali ni yaleyale. Kama riba iko chini ya 6, kwa nini mimi nakopeshwa kwa 16 au 18? Hiyo tofauti anaila nani? Na aliyekopa mwaka jana, mbona rejesho lake la mwezi halijapungua hata shilingi?

Maswali ni ya haki. Majibu mengi yanayozunguka ndiyo yana kasoro, kwa sababu yanaanza na dhana kwamba Benki Kuu ni duka la jumla ambako benki huchukua fedha kwa 5.75 na kuja kutuuzia sisi kwa 16. Hata wanafunzi wa vyuo wanaosoma somo la fedha na benki hukwama hapo. Wanazijua kanuni zote za kitabuni, lakini ukiwauliza hiyo 5.75 ni bei ya nini hasa, darasa linanyamaza.

Basi tuanze na hilo. Riba ya Benki Kuu, ambayo kwa kifupi huitwa CBR, ni kiwango kinachoonyesha Benki Kuu ingependa benki za biashara zikopeshane zenyewe kwa zenyewe kwa bei gani kwa muda wa siku saba. Haijagusa mkopo wa mwananchi, wala akaunti ya akiba, wala hatifungani, yaani hati ambayo Serikali au kampuni hukopea fedha kwa miaka kadhaa. Ni bei elekezi ya soko moja dogo ambalo wewe na mimi hatuingii.

Maneno mengine matatu yatatusaidia. Sera ya fedha ni hatua za Benki Kuu za kufanya fedha ziwe rahisi au ghali kupatikana, ili bei za vitu zisipande ovyo. Kodi na matumizi ya Serikali ni kazi nyingine, ya Wizara ya Fedha, na watu huzichanganya kila siku. Ukwasi ni fedha ambazo benki inaweza kuzitumia leo hii kulipa. Benki yaweza kuwa na majengo, mikopo mizuri na faida kubwa, na bado ikaamka haina ukwasi. Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei kwa jumla. Ukisikia umeshuka kutoka asilimia 4 hadi 3, ujue bei bado zinapanda, ila taratibu zaidi.

Mkopo unavyozaliwa

Kila benki ya biashara ina akaunti yake Benki Kuu. Humo mna vitu viwili. Kuna kiasi cha lazima, yaani asilimia 6 ya amana za wateja, ambacho benki hairuhusiwi kukigusa kibiashara na ambacho hakiipi riba. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 7 hadi mwaka 2020, kikapunguzwa wakati wa korona. Halafu kuna fedha za kulipana. Mteja wa benki A akimlipa mteja wa benki B kiasi kikubwa, hakuna gari linalobeba noti barabarani: mfumo wa TISS unapunguza akaunti ya A na kuongeza ya B, palepale Benki Kuu.

Sasa chukua mkopo wa shilingi milioni 10. Siku unapoidhinishwa, ofisa mikopo haendi kwenye kasiki kuchukua akiba ya mtu mwingine. Kwenye mfumo wa benki yanaingia maandishi mawili. Upande wa mali ya benki linaandikwa deni lako la milioni 10, na upande wa madeni ya benki linaandikwa salio lako la milioni 10. Fedha ambazo asubuhi hazikuwepo, mchana zipo. Pitia akaunti za wateja wengine wote, hutakuta hata moja iliyopungua. Kwa hiyo ile kauli kwamba benki inakopesha akiba za wateja, ambayo imekaririwa shuleni kwa miaka mingi, haielezi kinachotokea kwenye vitabu vya benki. Benki Kuu ya Uingereza ilifafanua jambo hili waziwazi mwaka 2014, na tangu hapo walimu wengi wamelazimika kubadili namna wanavyofundisha.

Mbona basi benki haijitengenezei fedha bila kikomo? Kwa sababu hukukopa ili salio likae. Kesho yake unanunua bajaji, na muuzaji ana akaunti benki B. Milioni 10 halisi zinatoka kwenye akaunti ya A iliyoko Benki Kuu. Zidisha hilo kwa maelfu ya wateja. Ongeza mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, pale makampuni yanapolipa kodi kwa awamu na mabilioni yanahama kutoka akaunti za benki kwenda akaunti ya Serikali kwa siku chache. Ndipo unaona benki iliyofunga wiki vizuri ikianza wiki nyingine na pengo. Inayoizuia benki kukopesha hovyo ni hofu ya pengo hilo, pamoja na masharti ya mtaji na hatari ya wasiolipa.

Hapa ndipo mtihani huwakamata wengi. Vitabu vinafundisha kwamba kiasi cha lazima kikiwa asilimia 6, kila shilingi 100 za msingi (noti na salio la benki huko Benki Kuu) huzaa shilingi 1,667 za amana, yaani 100 gawanya kwa 0.06. Hesabu ni sahihi. Ila inadhani watu hawashiki noti mkononi kabisa na benki hazibaki na akiba ya ziada hata shilingi moja. Nchi ambayo sokoni, kwenye daladala na kijijini bado watu wanalipana kwa noti, uwiano halisi haufiki hata nusu ya hapo. Marekani yenyewe, ambako vitabu hivyo vingi vinatoka, ilishusha kiwango cha lazima hadi sifuri Machi 2020, na amana hazikuongezeka bila kikomo kama kanuni hiyo ingedai. Jifunze kanuni hiyo upate alama zako, lakini usiitumie kueleza habari ya leo.

Siku saba za benki kwa benki

Turudi kwenye benki A na pengo lake. Tuseme inapungukiwa shilingi bilioni 10. Inapiga simu kwa benki B, ambayo wiki hiyo imezidiwa na fedha, na kuomba kwa siku saba. Wakikubaliana asilimia 6 kwa mwaka, gharama ni bilioni 10 mara 0.06 mara 7 gawanya kwa 365, ambayo ni kama shilingi milioni 11.5. Wakikubaliana 8, inakuwa kama milioni 15.3. Hilo ndilo soko la benki kwa benki, na hiyo bei yao ya siku saba ndiyo Benki Kuu inayoitazama.

Benki Kuu haiwapangii bei. Inataka tu bei isitoke nje ya wigo wa pointi 2 juu na pointi 2 chini ya CBR. CBR ikiwa 5.75, soko linaachwa licheze kati ya 3.75 na 7.75. Likielekea kutoka, Benki Kuu inaingia kama mshiriki, si kama mgambo. Benki zikiwa na fedha nyingi hadi bei inadondoka, inaziuzia dhamana za Serikali, yaani hati ambazo Serikali hukopea, kwa makubaliano ya kuzinunua tena baada ya siku kadhaa. Fedha zinatoka mikononi mwa benki, ukwasi unapungua, bei inapanda. Muamala huo huitwa repo. Benki zikikaukiwa, inafanya kinyume chake: inapokea dhamana, inatoa shilingi. Zipo pia njia nyingine, kama mikopo ya dharura ya usiku mmoja kwa benki yenye dhamana mkononi, na kununua au kuuza dola sokoni, ambako nako kunabadili kiasi cha shilingi kwenye akaunti za benki.

Kwa hiyo Kamati inapotangaza kwamba CBR imeshuka kwa robo ya pointi, siku hiyo hakuna benki inayopokea fedha kwa bei mpya. Kilichotokea ni ahadi: tutaendesha repo na shughuli zetu nyingine hadi bei ya siku saba isogee huko. Benki zikiamini ahadi, zinaanza kupanga bei zake kwa kuitazama.

Kabla ya Januari 2024 Tanzania iliendesha sera hii kwa njia nyingine. Benki Kuu ilikuwa inalenga kiasi cha fedha, si bei yake: mwezi huu fedha za msingi, yaani noti zilizo nje na salio la benki kwake, zisizidi kiwango fulani. Njia hiyo ilisaidia sana kuutoa uchumi kwenye miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, mfumuko wa bei ulipokuwa ukicheza karibu na asilimia 30. Tatizo ni kwamba ukilenga kiasi, bei inayumba. Wiki ya kodi riba ya benki kwa benki inaruka, wiki inayofuata Serikali ikilipa wakandarasi inaanguka, na benki haiwezi kupangia mkopo wa miaka mitatu kwa kutazama kitu kinachoruka hivyo. Simu za mkononi nazo zilibadili kasi ya fedha kuzunguka, kiasi kwamba kujua ujazi wa fedha hakukuambii tena bei zitakwendaje. Majirani walishahama: Uganda Julai 2011, Rwanda Januari 2019. Kenya ilikuwa imetangulia zamani kutumia CBR. Na kwa kuwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilisaini itifaki ya umoja wa fedha Novemba 2013, ilikuwa lazima siku moja ziwe zinaendesha sera kwa lugha inayolingana.

Kutoka 5.75 hadi 16

Bei ya gunia la mchele ikishuka Kariakoo, sahani ya wali kwa mama lishe haishuki kesho yake. Kwanza ana mchele alioununua wiki iliyopita kwa bei ya zamani. Pili, mchele ni sehemu tu ya sahani: kuna gesi, mafuta, nyama, kodi ya kibanda, msaidizi wa kuosha vyombo, na wateja wanaokula kwa mkopo wakayeyuka. Tatu, kama jirani yake hajashusha, yeye ana haraka gani? Ukiuelewa wali huo, umeelewa sehemu kubwa ya mkopo wa benki.

Mchele wa benki ni amana. Fedha za siku saba kutoka benki nyingine ni kiraka cha kuziba pengo. Mkopo wa miaka mitatu hauwezi kusimama juu yake. Unasimama juu ya amana za wateja na za taasisi. Akaunti ya kawaida ya akiba hulipwa riba ndogo sana, lakini amana ya mwaka mmoja ya taasisi kubwa, kama mfuko wa pensheni au kampuni ya bima, hujadiliwa bei, na mara nyingi iko asilimia 8 au zaidi. Mwenye bilioni 20 hapokei anachopewa, anazishindanisha benki.

Tufanye hesabu ya mfano, namba zake ni za kuonyesha njia tu. Benki inapokea amana ya shilingi 100 kwa asilimia 8. Shilingi 6 zinakwenda kukaa Benki Kuu bila riba. Zilizobaki 94 ndizo zenye kazi, lakini riba ya 8 inalipwa kwa zote 100. Gharama halisi ni 8 gawanya kwa 0.94, yaani 8.5. Ongeza pointi 4 za kuendesha matawi, mishahara, mifumo na ulinzi: 12.5. Ongeza pointi 2 za mikopo ambayo haitalipwa: 14.5. Ongeza pointi 2 za faida ya wenye hisa: 16.5. Katika mnyororo huo wote CBR haijatajwa popote. Inaingia kwa mlango wa nyuma, pale inaposogeza bei ya amana mpya, na amana mpya zinachukua nafasi ya zile za zamani mwezi baada ya mwezi, kadiri zinavyoiva. Ndiyo maana wachumi husema sera ya fedha huchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi, kabla haijahisiwa.

Sitaki nionekane nazitetea benki. Pointi 4 za uendeshaji ni nyingi, na sehemu yake ni uzembe tu wa soko ambalo benki chache kubwa zimeshika wateja wengi. Kushindana kwao kwa kushusha riba ya mikopo midogo ni kudogo. Kwa mteja mkubwa mwenye uwezo wa kuhama, bei inashuka hadi 12 au 13 bila kelele. Hilo tu linaonyesha kwamba nafasi ya kushusha ipo.

Kuna na Serikali. Hadi mapema mwaka 2022 hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ililipa asilimia 15.95 kwa mwaka, kisha hatifungani mpya zikashushwa hadi 12.56. Jiweke kwenye kiti cha meneja. Serikali inalipa karibu 16 bila kukagua mtu, bila kufuatilia dhamana, bila mdaiwa kuzima simu. Mfanyabiashara wa duka la vipuri utamkopesha kwa ngapi? Lazima juu ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kujua riba ya mikopo itaelekea wapi atazame na minada ya hatifungani, maana huko ndiko sakafu ya bei ya mikopo ya muda mrefu inakowekwa.

Mambo mengine yanapunguza nguvu ya CBR pia. Amana na mikopo ya dola haiisikilizi, na kwetu si kidogo. Anayekopa kwenye kikoba au kwa mtu binafsi mtaani naye hayumo kwenye mnyororo huu.

Kwa nini tusiweke ukomo kwa sheria?

Kenya walijaribu. Septemba 2016 sheria ilianza kuzilazimisha benki zisitoze zaidi ya pointi 4 juu ya CBR, na CBR ilikuwa karibu asilimia 10, hivyo ukomo ulikuwa takriban 14. Wananchi walishangilia, na mtu angewalaumuje. Kilichofuata kinaeleweka ukirudi kwenye hesabu yetu. Mteja ambaye hatari yake peke yake inahitaji pointi 6 hawezi kutoshea ndani ya pointi 4. Benki haikumkopesha kwa hasara, haikumkopesha kabisa. Fedha zikaelekea kwenye hati za Serikali, ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ukadorora vibaya mwaka 2017, na mwenye duka dogo akaishia kwenye mikopo ya simu ya siku 30 ambayo, ukiigeuza kuwa ya mwaka, inazidi riba ya benki mara kadhaa. Novemba 2019 ukomo ukaondolewa.

Walichofanya baadaye kinavutia zaidi. CBR ya Kenya ilifika 13 Februari 2024, kisha kuanzia Agosti ikaanza kushushwa mkutano baada ya mkutano, na bado benki zikasuasua hadi Gavana Kamau Thugge akawa anazihimiza hadharani. Mwaka 2025 Benki Kuu ya Kenya ikaja na utaratibu kwamba mikopo mipya ya riba inayobadilika iwekwe bei kwa fomula: wastani wa riba ya benki kwa benki ya usiku mmoja, unaoitwa KESONIA, ukijumlishwa na nyongeza ya mteja husika. Nyongeza inapangwa na benki, ikitegemea pia hatari yako, lakini sehemu ya kwanza inasogea yenyewe, ikipanda na ikishuka, na benki haina pa kujificha. Kwa maoni yangu huo ni mwelekeo bora kuliko ukomo. Una bei yake, lakini: riba ikipanda, rejesho lako nalo linapanda, na Benki Kuu ikibana, kilio kitasikika mwezi uleule.

Kupandisha kunatibu nini, na hakutibu nini

Benki Kuu ikipandisha riba, mikopo inapungua, manunuzi yanapoa, na anayeshika shilingi anaona faida kubaki nazo badala ya kukimbilia dola. Aprili 2024, CBR ilipopelekwa 6, shilingi ilikuwa inashuka thamani na wafanyabiashara wanalalamikia uhaba wa dola. Uganda walikunywa dawa kali zaidi: mwaka 2011 mfumuko ulipita asilimia 30, na Novemba mwaka huo wakafikisha CBR 23. Bei zilipoa, na biashara nyingi ziliumia.

Lakini riba haioteshi mahindi. Katika kapu ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulitumia kupima bei, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Mvua ikikosekana na gunia likapanda, au bei ya mafuta ikaruka duniani, Gavana hana kitu mfukoni cha kuzuia hilo. Anachoweza ni kuzuia duru ya pili, pale kila muuzaji na kila mwenye nyumba anapopandisha bei kwa sababu tu anatarajia wenzake watapandisha. Ndiyo maana Tanzania inalenga mfumuko kati ya asilimia 3 na 5 kwa kipindi cha kati, wala haihangaiki na kila mwezi nyanya zilipopanda.

Na wale wanaouliza kwa nini tusichapishe noti tukalipa madeni? Sheria ya Benki Kuu ya 2006 inaweka kikomo kwa fedha ambazo Serikali inaweza kukopeshwa na Benki Kuu, na sababu yake iko Zimbabwe, ambako Januari 2009 ilitoka noti ya trilioni 100 iliyokuwa hainunui kitu cha maana. Noti ni karatasi ya kupokelea bidhaa. Ukiziongeza bila mahindi, saruji na viatu kuongezeka, kinachoongezeka ni namba kwenye vibao vya bei.

Mkataba wako

Tumalizie pale swali lilipoanzia. Mikopo mingi ya wafanyakazi na ya biashara ndogo nchini ina riba isiyobadilika hadi mwisho wa mkataba. Uliosaini kwa 17 mwaka jana utaumaliza kwa 17, CBR ishuke au ipande. Kushuka kunamfaa anayekopa kesho, au wewe ukiomba mkopo wako upangwe upya.

Halafu tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Chukua mkopo wa nyumba wa milioni 50, miaka 15, asilimia 16. Rejesho ni kama shilingi 734,000 kwa mwezi. Benki ikipitisha kwako robo yote ya pointi iliyoshushwa Julai 2025, riba ikawa 15.75, rejesho linakuwa kama 726,000. Umeokoa shilingi 8,700 hivi kwa mwezi. Si haba, lakini si ya kugombea redioni.

Sasa linganisha na kifungu ambacho wengi hawakisomi: riba inahesabiwa juu ya nini. Mkopo wa milioni 10 wa miezi 12 kwa asilimia 18, ukihesabiwa kwa salio linalopungua, rejesho ni kama shilingi 916,800 na jumla ya riba ni milioni 1 na kidogo. Mkopo huohuo, 18 ileile, ukihesabiwa kwa kiasi cha mwanzo hadi mwisho, riba ni milioni 1.8 kamili na rejesho ni 983,333. Tofauti ni karibu shilingi 800,000 ndani ya mwaka mmoja. Ukitaka kulinganisha kwa haki, hiyo 18 ya kiasi cha mwanzo ni sawa na karibu 32 ya salio linalopungua, maana kila mwezi unalipia riba ya fedha ulizokwisha kuzirudisha. Tangazo ukutani litaandika 18 kwa zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa mwezi kwa mwezi, yenye safu ya riba na safu ya deni la msingi. Riba ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho zikiwa sawa, umepewa ile ya kiasi cha mwanzo. Uliza ada ya kuandaa mkopo na bima ya mkopo, kisha zitoe kwenye fedha unazopokea mkononi: ukikatwa asilimia 3 ya milioni 10, umepokea 9,700,000 lakini unalipa riba juu ya milioni 10 nzima. Uliza pia adhabu ya kulipa kabla ya muda, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utaweza kuhamia benki nyingine siku riba itakaposhuka kweli.